Shajara ya viza ya mwenza: Morogoro hadi Kassel, 2025

14 Januari

Mkataba wa kazi wa mume wangu unaisha Septemba, na kibali chake cha ukaazi cha daraja B kinaisha nao, maana kimefungwa kwenye kazi ile ile. Yeye ni Mjerumani, mhandisi wa maji. Mimi ni Mtanzania, mhasibu. Ingekuwa kinyume chake, yaani mimi mgeni na yeye mwenyeji, Sheria ya Uraia ya 1995 ingeniruhusu kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mume wa kigeni wa mwanamke wa Kitanzania hana mlango huo. Kwa hiyo tunaondoka, kwa miaka kadhaa walau.

Tumekubaliana tuliendeshe jambo hili kama mradi, kila tunachokijua kiandikwe hapa ili tusirudie mjadala uleule kila jioni. Malengo mawili: tuishi nyumba moja, na mimi niwe na ruhusa ya kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Sikusoma miaka yote ile nikakae ndani.

20 Januari

Njia ya kwanza imefutwa leo. Ndugu mmoja aliye Ulaya alinipigia: "Dada, omba viza ya matembezi, ukishaingia ndoa itakulinda." Amesema kwa nia njema, na ndiyo njia ambayo kila mtu anaijua kwa kusikia. Tumeisoma kanuni pamoja na mume wangu, neno kwa neno. Aliyeingia kwa viza ya siku 90 anaweza kubadilisha hadhi akiwa ndani ya Ujerumani pale tu haki yake ilipozaliwa baada ya kuingia. Sisi ndoa tunayo tayari, ya bomani, ya miaka miwili. Haki yetu ilizaliwa Morogoro. Na kwenye fomu ya matembezi ningelazimika kuandika kwamba nakwenda kutembea na kurudi, jambo ambalo si kweli. Siwezi kuanza maisha na serikali ya watu kwa kuidanganya kwenye ukurasa wa kwanza.

2 Februari

Njia ya pili: niende kwa jina langu mwenyewe. Tangu Juni 2024 Ujerumani ina kadi ya fursa, ambayo humpa mwenye taaluma hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa kule. Unahitaji cheti cha taaluma kinachotambuliwa nchini kwako, Kijerumani cha ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha B2, ngazi ya juu ya kati, pointi sita za vigezo kama elimu, uzoefu, umri na lugha, na kwa mwaka huu uthibitisho wa euro 1,091 kwa kila mwezi. Kazi inaruhusiwa saa 20 kwa wiki.

Niliipenda kwa siku tatu hivi. Ni njia isiyonifunga kwa mtu. Lakini mke wa Mjerumani akishapewa kibali chake anafanya kazi yoyote, saa zozote, bila kumwomba mtu. Kuacha haki pana nikachukua nyembamba, tena niilipie, haina maana. Imefutwa.

16 Februari

Zimebaki mbili, na hapa ndipo kazi ilipo.

Njia ya Ujerumani ni kuungana na mwenza raia, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ukaazi yao. Viza haina ada kwa mke au mume wa Mjerumani. Kipato cha mume kwa kawaida hakiwi sharti. Ila tangu Agosti 2007 mwenza lazima athibitishe Kijerumani cha A1 kabla hajapewa viza, yaani mtihani ufanywe kabla ya safari.

Njia ya Umoja wa Ulaya haipiti Ujerumani kabisa. Mume wangu amefuatwa na kampuni moja ya Delft, Uholanzi. Akifanya kazi huko anakuwa raia wa Umoja anayetumia haki yake ya kuhama, na mimi namfuata kwa Maelekezo ya 2004/38, sheria ya Umoja kuhusu raia wake wanaohama na familia zao. Viza bure na kwa utaratibu wa haraka, hakuna mtihani wa lugha, kadi ya ukaazi ndani ya miezi sita tangu kuomba, kadi yenyewe ya miaka mitano. Mwaka 2008, katika kesi ya Metock, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mwenza hahitaji hata kuwa aliwahi kuishi kihalali katika nchi nyingine ya Umoja.

Sasa angalia hili, maana limeninyima usingizi. Mholanzi anayetaka kumleta mkewe kwao Uholanzi, mkewe lazima afanye mtihani wa Kiholanzi akiwa nje, tangu 2006. Mjerumani anayetaka kumleta mkewe kwao, mkewe afanye wa Kijerumani. Lakini Mholanzi akihamia Ujerumani, na Mjerumani akahamia Uholanzi, wake zao wote wawili wanaingia bila mtihani. Ningeolewa na Mhispania anayeishi Berlin nisingeulizwa hata salamu ya Kijerumani. Nimeolewa na mtoto wa nchi, ndiyo maana naulizwa. Na Mmarekani au Mjapani aliyeolewa na Mjerumani hahusiki na mtihani huo, kwa pasipoti tu.

Mume wangu aliposoma haya aliona aibu, akasema, "Hii sheria inaniambia mimi si kitu kwetu." Nikamwambia asibebe yasiyo yake.

23 Februari

Kuna daraja kati ya njia hizo mbili. Bwana Surinder Singh, Mhindi, mke wake Mwingereza, walifanya kazi Ujerumani kati ya 1983 na 1985, kisha wakarudi Uingereza. Mwaka 1992 mahakama ile ile ya Ulaya ikaamua kwamba raia anayerudi kwao baada ya kufanya kazi nchi nyingine ya Umoja anarudi na haki alizokuwa nazo huko, mwenza wake akiwemo. Mwaka 2014, katika kesi ya O na B, ikafafanua kwamba maisha hayo ya huko lazima yawe ya kweli, zaidi ya miezi mitatu, na maisha ya familia yawe yamejengwa huko. Wikiendi za kwenda na kurudi hazihesabiki.

Maana yake kwetu: Delft kwanza, kisha Ujerumani bila mtihani. Karatasi ya hesabu inaonyesha njia hii ni nyepesi zaidi. Nimeandika kwa wino: UHOLANZI. Mume wangu ameanza kujibizana na kampuni.

9 Machi

Pamoja na hayo nimejiandikisha darasa la Kijerumani Dar, Goethe-Institut. Nitakwenda kwa treni ya SGR, saa mbili hazifiki. Nimejiambia ni bima tu, lugha ya mama mkwe haiwezi kupotea bure.

6 Aprili

Mama alikuja kutusalimia. Nilimweleza mradi mzima nikimwonyesha daftari. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akauliza: "Mwanangu, yote haya ni ya kwenda. Ya kurudi umeandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Kweli daftari lote lilikuwa la kwenda.

Tuna kiwanja Mkundi, kiko kwa jina langu, msingi umeshamwagwa. Mpango wetu tangu tuoane ni kukaa Ulaya miaka minne au mitano, kisha kurudi kujenga, mume wangu achukue kazi za ushauri huku, twende na kurudi kadiri wazee wa pande zote mbili watakavyotuhitaji. Mama mkwe ana miaka 71 na anaishi peke yake. Hatuwezi kuhama nchi moja na kuisahau nyingine.

Kwa hiyo nimeongeza lengo la tatu: kibali kisichokufa tukirudi nyumbani. Njia zote mbili zipimwe upya.

19 Aprili

Majibu, na yameligeuza daftari juu chini.

Kadi ya Umoja wa Ulaya inavumilia kutokuwepo hadi miezi sita kwa mwaka. Ukaazi wa kudumu unapatikana baada ya miaka mitano mfululizo, na ukiupata unapotea ukikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka miwili mfululizo.

Kibali cha kawaida cha Ujerumani nacho kinakufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Lakini mwenza wa Mjerumani anaweza kuomba kibali cha kudumu baada ya miaka mitatu, akiwa na Kijerumani cha B1, ngazi ya kati, na maisha yanayojitegemea, ndoa ikiwa bado hai. Na kuna sentensi moja katika kifungu cha 51 ambayo mume wangu alinisomea mara mbili kwa sauti: kibali cha kudumu cha mgeni anayeishi katika ndoa na Mjerumani hakifi kwa sababu ya kukaa nje. Miezi sita, miaka sita, hakifi, mradi tunaishi pamoja na sina kosa la kunifanya nifukuzwe. Tunaweza kukaa Mkundi, mama mkwe akiugua tukapanda ndege bila kuomba viza upya.

Uraia wa Ujerumani ungemaliza hoja yote, na tangu 27 Juni 2024 wao hawadai tena mtu aache uraia wake wa kwanza. Tanzania ndiyo hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nikichukua pasipoti yao, kiwanja cha Mkundi kinakuwa matatizo. Nitabaki Mtanzania. Kwa mtu anayetaka kubaki Mtanzania na kurudi kwao, aina ya kibali cha kudumu ndiyo habari yenyewe.

Nimekata neno UHOLANZI kwa mstari mmoja. Halijafutika, bado linasomeka chini yake.

24 Mei

Nimefanya mtihani. Kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza, alama 25 kila sehemu, kufaulu ni 60. Kuzungumza kulikwenda vizuri: unajitambulisha, unataja umri, nchi, lugha, kazi, unatamka jina lako herufi kwa herufi na namba ya simu. Kuandika ni kujaza fomu na barua fupi ya maneno kama 30. Kilichonishika ni matangazo ya stesheni na ya dukani. Mazungumzo mengine unasikilizishwa mara mbili, matangazo mara moja tu. Nilikuwa bado natafuta maana ya neno la kwanza treni ikawa imeshaondoka.

5 Juni

Alama 56.

Nimelia, nimemaliza. Naandika hapa kwa ajili ya atakayesoma akiwa ameshika karatasi kama hii: nne tu zimepungua, na mtihani unarudiwa.

8 Juni

Kampuni ya Delft inataka jibu ifikapo mwisho wa mwezi. Mshahara wao unazidi wa Kassel, alikopewa kazi ya idara ya maji, kwa pengo la kuonekana. Usiku tumeketi na karatasi ya 56 katikati ya meza.

Kuna kitulizo kimoja upande wa Ujerumani. Septemba 2012 mahakama yao ya juu ya utawala ilisema kwamba mwenza wa raia wa Ujerumani hawezi kuzuiliwa milele kwa sababu ya lugha. Akijitahidi mwaka mzima na asifaulu, au kama kujifunza hakuwezekani kwake kwa hali ya haki, viza itolewe. Mtu wa kijijini asiye na darasa karibu ana mahali pa kusimama. Mimi sitaki kusimama hapo, nina treni na nina darasa. Lakini kujua kwamba ukuta una mwisho kumenipa pumzi.

Jambo jingine tulilizungumza, na ni gumu kulizungumza na mtu unayempenda: ikitokea tumeachana, au amekufa? Kwa sheria ya Ulaya, nikiachika nabaki na haki kama ndoa imedumu miaka mitatu, mmoja wapo tukiwa katika nchi ile. Kwa Ujerumani napata haki ya kujitegemea baada ya miaka mitatu ya kuishi pamoja kule, na akifariki kabla, muda huo hauangaliwi. Hapo Uholanzi iko mbele. Nimeiandikia alama yake. Sitaki daftari linalopendelea.

Lakini kule Delft kila kitu changu kingetokana na yeye kuwa kazini Delft. Akiitwa nyumbani kwa ajili ya mama yake, tunaanza kuhesabu upya. Nimemuuliza yeye anataka nini, mshahara kando. Akasema anataka tuwe mahali ambapo mama yake anaweza kuja kwa miguu. Amewaandikia Delft asubuhi kuwashukuru.

12 Julai

Mtihani wa pili. Wiki tano zote nilikuwa nasikiliza matangazo ya stesheni kila asubuhi, simu sikioni, mara moja moja bila kurudia. Hata tangazo la SGR pale Morogoro nilikuwa naligeuza kwa Kijerumani kichwani: treni ya kwenda Dar es Salaam, behewa fulani, saa fulani. Watu walinitazama midomo inavyocheza.

Wakati huohuo nimesoma kwamba kuanzia 1 Julai balozi za Ujerumani zimefuta utaratibu wa kuandika barua ya kupinga viza ikikataliwa. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakama ya utawala ya Berlin. Zamani mtu angekosea karatasi akasahihisha kwa barua. Sasa faili lazima liingie limekamilika.

24 Julai

Alama 81. Kusikiliza 20.

Mume wangu alipiga yowe mpaka jirani akagonga mlango. Mama nimempigia simu, akasema alhamdulillahi, kisha akauliza B1 ni lini.

10 Agosti

Faili. Fomu, pasipoti, picha, cheti cha ndoa, cheti changu cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, nakala ya pasipoti ya mume, cheti cha lugha, mkataba wake wa kazi Kassel, barua ya mama mkwe kwamba tutafikia kwake. Vyote na tafsiri ya Kijerumani.

Palipotukwamisha: kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba yangu lina herufi moja tofauti na ile ya cheti cha ndoa. Tangu nizaliwe hakuna aliyejali. Mfasiri ndiye aliyeiona, nami namshukuru, maana mkaguzi angeiona pia. Kusahihisha kumechukua wiki tatu na safari mbili. Anayeanza mradi huu aanze na majina, kabla hata ya darasa la lugha. Ayapange vyeti vyake vyote mezani, asome herufi moja moja.

4 Septemba

Nimewasilisha maombi Dar. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, na wa Uholanzi uko jengo hilohilo. Nilipita nikatazama kibao cha Uholanzi kwa muda, nikaendelea.

Swali moja tu lilinishtua, afisa alitaka kujua kama mume wangu ataishi Ujerumani kweli au anarudi kwa jina tu. Haki hii inadai raia awe na makazi yake kule. Nilionyesha mkataba, nikaeleza anatangulia tarehe 20. Faili sasa linakwenda ofisi ya wageni ya Kassel kwa ridhaa yao.

20 Septemba

Ameondoka. Nyumba imekuwa kubwa.

27 Septemba

Amejiandikisha kwenye manispaa kwa anwani ya mama yake. Sheria inawapa wiki mbili, yeye alikwenda siku ya tatu. Mama mkwe ameshaanza kunitumia ujumbe wa sauti kwa Kijerumani cha polepole, mara moja moja, kama mtihani. Nasikiliza mara ngapi nitakavyo.

19 Oktoba

Hakuna habari. Nimeendelea na darasa la A2. Kule nitapangiwa masomo ya ujumuishaji, saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na maisha ya nchi, na kadiri nitakavyofika na msingi ndivyo B1 itakavyokuja mapema. Miaka mitatu inaanza kuhesabiwa siku nitakayoingia kwa viza hiyo, lugha siyo lazima isubiri.

11 Novemba

Wamenipigia wakaomba pasipoti.

18 Novemba

Viza imebandikwa, ukurasa wa 9. Hii ni ya kuingilia tu, kibali chenyewe kitatolewa Kassel. Nimeisoma mwanzo hadi mwisho nikiwa nimesimama nje ya jengo, jina herufi kwa herufi, namba ya pasipoti, tarehe. Kuna mstari unaosema kazi inaruhusiwa. Nimeupiga picha nikamtumia mume wangu, hakujibu kwa dakika nne nzima, kisha akapiga simu na hakuweza kusema kitu.

Kwenye treni ya kurudi Morogoro niligeuza daftari upande wa nyuma. Nimeanza ukurasa mpya, kichwa chake "Ya kurudi". Nimeandika mambo matatu ya kwanza: mama anashika nakala ya hati ya kiwanja, fundi wa Mkundi afunike msingi kabla ya masika, maombi ya kibali cha kudumu Desemba 2028.

Safari ni tarehe 6.